Jakuzi imepoa lakini pampu inanguruma: tuanzie wapi?

Simu ya namna hii hupigwa Ijumaa alasiri, wageni wa wikiendi wakiwa wameshashuka uwanjani. "Shikamoo fundi. Jakuzi imekufa." Marahaba mwanangu, imekufaje? "Maji ya baridi, halafu kule chini kuna kitu kinanguruma." Hapo kwenye kunguruma ndipo pa kushika. Kinachonguruma kinapata umeme. Kuna kitu kimekizuia tu.

Nashughulika na pampu za nyumba za wageni na za watu binafsi huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, Capri Point, Bwiru, Ilemela, hadi Luchelele. Pampu nyingi za jakuzi nilizoitwa "kuja kubadilisha" nilizikuta nzima. Kibovu kilikuwa njia ya maji, au kapasita (kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) ya bei ya sahani ya wali, au umeme wenyewe. Ndiyo maana nitaanza na maji, nifuate umeme, na bisibisi ya kufungulia pampu ije nyuma kabisa.

Tuelewane kwanza tunasema pampu ipi. Jakuzi nyingi zina mbili. Kubwa ni ya jeti, ile inayokusukuma mgongo ukibonyeza kitufe, hosipawa moja na nusu mpaka tatu. Ndogo ni pampu ya mzunguko: wati kati ya 40 na 250 hivi, haina makeke, kazi yake ni kupitisha maji kwenye chujio na kwenye hita, mara nyingi na kwenye kifaa cha ozoni, kisha kuyarudisha. Kwa kawaida hiyo huzunguka saa 24. Jakuzi nyingine hazina pampu ndogo kabisa. Ile kubwa ina spidi mbili, na spidi ya chini ndiyo inayobeba kazi ya mzunguko. Fungua ubao wa pembeni uhesabu kabla hujaagiza chochote.

Pampu ya wati 150 ikizunguka mchana na usiku inakula yuniti 3.6 kwa siku. Wenye nyumba wakiona LUKU inavyoshuka huizima usiku. Nawaelewa. Ila maji ya uvuguvugu yaliyosimama ndiyo shamba la bakteria, na klorini uliyomwaga juu haifiki kwenye mabomba. Kama pampu ya mzunguko imelala siku mbili, usimruhusu mgeni aingie mpaka maji yazunguke, yatiwe dawa na kupimwa upya: klorini isiwe chini ya miligramu 3 kwa lita, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8.

Kabla ya kugusa

Shusha breka, ubandike mkanda juu yake ili msaidizi asiipandishe kwa wema. Hakikisha kwa tesita kwamba kweli umeme haupo, maana breka yenye maandishi "jakuzi" nimeshaikuta inawasha taa za bustani. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya umeme kukatwa; izimue kwa kuunganisha miguu yake na rezista, si kwa kuichomolea cheche na bisibisi. Na usifanye kazi hii peku au na ndala zilizolowa. Hapa Mwanza watu tunapenda kusimama peku kwenye jiwe, na jiwe lenye maji halikukingi na umeme.

Kile kioo kinasema nini

Herufi zinazotokea kwenye kioo cha jakuzi ni dalili, lakini watu huzisoma vibaya. Kwenye mitambo ya kuongozea jakuzi ya kampuni ya Balboa, HFL maana yake sensa mbili za joto zimetofautiana sana, yaani maji hayapiti vizuri kwenye hita. Ikijirudia mara ya tano ndani ya siku moja inageuka LF na hita inafungwa. Ukiona "dr", hita imehisi haina maji ya kutosha. OHH ni kwamba sensa moja imeona nyuzi 48 hivi, kwa hiyo kila kitu kimezimwa. Kwenye mitambo mingi ya kampuni nyingine, Gecko, utaona FLO au HL kwa mambo hayohayo.

Ona zinavyofanana: karibu zote zinalalamikia maji yasiyotembea. Kwa hiyo fundi anayekimbilia kubadilisha hita kwa sababu maji ni baridi anamtibu asiyeumwa. Hita imejizima ili isiungue.

Maji yanatoka kidogo kidogo

Hili ndilo kosa kubwa kwa wingi huku kwetu, na dawa yake haihitaji hata spana. Toa chujio. Acha pampu izunguke bila chujio dakika kumi, uangalie maji yanayorudi. Kama yamepata nguvu na alama ya kosa imeondoka, pampu yako ni nzima, chujio ndilo limekaba.

Nililijifunza jambo hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye nyumba moja ya wageni upande wa Bwiru, nilipima umeme, nikapima kapasita, nikasikiliza beringi, nikatamka kwamba pampu imechoka. Mpya ikaletwa na basi kutoka Dar es Salaam, nikaipokea stendi ya Nyegezi, nikaifunga. Kioo kikaonyesha FLO ileile. Mama anayesimamia usafi alikuwa amesimama pale na ndoo, akaniuliza kwa upole, "Baba, na lile chujio si ulitazame?" Nilipolichomoa lilikuwa jeusi tii, mikunjo yote imeshikana kama uji wa ulezi uliokauka sufuriani. Nikakwangua kwa ukucha: vijidudu vya ziwani, maelfu kwa maelfu, mabawa na vyote.

Anayeishi hapa anavijua. Vinapanda juu ya maji kama moshi wa boti inayoungua, upepo ukigeuka vinaingia mjini, na asubuhi chini ya kila taa kuna chungu lake. Aina mojawapo hutoka kwa wingi kuuzunguka mwezi mwandamo. Jakuzi yenye taa ya ndani, ikiachwa wazi usiku kama huo, ni mtego. Ushauri wangu kwa wasimamizi ni kutazama mwezi kama watazamavyo wavuvi wa dagaa: siku za giza, funika jakuzi jua likizama, zima taa yake, na chujio lioshwe kila siku mpaka wingu lipite. Osha kwa mpira wa maji, ukifungua mikunjo mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini. Mashine ya kuoshea magari itachana kitambaa chake.

Kama kutoa chujio hakujabadilisha kitu, tazama kina cha maji. Yakiwa chini ya mdomo wa chujio, pampu inavuta hewa pamoja na maji. Tazama na valvu: pampu nyingi zina geti valvu mbele na nyuma, na mtoto wa mwenye nyumba hupenda kuzichezea. Kisha zile tundu za kunyonyea chini, kama jani la mwembe limekaa juu yake.

Kingine: kuna wanaojaza jakuzi kwa pampu ya petroli moja kwa moja kutoka ziwani kwa sababu ni bure. Unaingiza mchanga, majani na mayai ya konokono kwenye mtambo wenye tundu la robo tatu ya inchi, na unamwingiza mgeni kwenye hatari ya kichocho. Jaza kwa maji ya bomba.

Ilikuwa nzima, tukabadilisha maji, sasa haisukumi

Hiyo ni hewa. Jakuzi ikimwagwa na kujazwa upya, au bomba likikaa bila maji kisha likarudi, hewa hubaki imejikunja kwenye pampu ndogo, nayo haina ubavu wa kuitoa. Utaisikia mota inazunguka kwa sauti nyepesi, bila uzito, na maji hayaendi popote.

Zima. Tafuta yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka kwa kuzungusha) ya upande wa kutokea, ile mbele ya pampu, uilegeze robo mzunguko. Itafoka kwanza, fsss, kisha itatema mate mate, kisha maji yatatoka mfululizo. Hapo kaza kwa mkono na uwashe. Kwenye jakuzi za mpira wa robo tatu ya inchi ambazo hazina yunioni, mimi huingiza mdomo wa mpira wa bustani kwenye tundu la chujio, nauzungushia kitambaa, nafungua maji nusu dakika. Hewa inasukumwa mbele.

Usiiache izunguke kavu huku ukitafakari. Sili ya shafti, ile inayozuia maji yasipenye kuingia kwenye mota, inapozwa na maji yaleyale inayoyazuia. Dakika chache bila maji zinatosha kuipasua, na pampu iliyokuwa na tatizo la hewa tu sasa ina tatizo la kuvuja.

Inanguruma, haizunguki

Kuna mawili: kapasita imechoka, au impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, imekamatwa. Kuyatofautisha ni rahisi kama shafti yako inafikika kwa nyuma. Zima umeme, chomeka bisibisi bapa kwenye mkato ulio mwisho wa shafti upande wa feni, ujaribu kuizungusha. Ikizunguka laini, mshuku kapasita. Ikigoma, kuna kitu ndani.

Kapasita kwanza, kwa sababu ni rahisi. Ubavuni imeandikwa idadi ya maikrofaradi na volti. Ipime kwa mita yenye kipimo hicho: iliyoandikwa 8 ikasoma 7.7, iache, ikisoma 5, hiyo ndiyo iliyokuwa inanguruma. Iliyovimba tumbo au kutoa mafuta usiipime, itupe. Weka mpya ya maikrofaradi zilezile. Volti zinaweza kuzidi, zisipungue: penye 400 weka 450, usiweke 250. Umeme ukikatika na kurudi mara tano kwa siku, kapasita ndizo zinazotangulia kufa.

Impela iliyokamatwa inahitaji kufunga valvu zote mbili na kufungua kichwa cha pampu, skrubu nne au sita. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, kwenye nyumba moja juu ya mawe ya Capri Point, nilikuta rasta. Nywele za kusukia, nyeusi na za rangi ya divai, zimejisokota kwenye shingo ya impela zikabana hata wembe ulikosa pa kuingilia. Nilizikata nyuzi kwa nyuzi, robo saa nzima, na mwishoni nikawa na kifundo kikubwa kama ngumi ya mtoto. Pampu ikawashwa, ikanyamaza kama inavyotakiwa. Msimamizi akacheka, "Kumbe ni za yule bibi harusi!" Tangu siku hiyo pale pana kikapu cha kofia za kuogea, ingawa sijaona mtu akizivaa.

Pampu za Laing, ndogo zenye umbo la kengele, hazina shafti. Rota yake ni bakuli linaloelea juu ya kijipira cha kauri, linazungushwa na sumaku. Hata mchanga kidogo huisimamisha. Fungua kichwa, nyanyua bakuli, pangusa kijipira na kikalio chake kwa kitambaa laini, rudisha. Ukikuta bakuli limekwanguka hadi chuma kinaonekana, hapo ni kununua.

Kimya kabisa

Kabla ya kuihukumu pampu, jiulize kama kuna umeme unaoifikia. Pima kwenye plagi yake pale mtambo unapoiita, si wakati mwingine. Ukikuta volti 230 na pampu kimya, tatizo liko kwenye pampu au waya wake. Ukikuta sifuri, pampu haina kosa: rudi nyuma kwenye fyuzi, kisha rilei (swichi inayowashwa na mtambo wenyewe) ya kwenye kadi ya umeme.

Rilei za huku zina adui wa pekee: sisimizi. Wanapenda joto la kadi, wanaingia katikati ya vile vidole viwili vya mguso, wanakaangwa, na majivu yao yanazuia mguso. Mijusi pia. Nimekuta mjusi amelala mkavu kati ya laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia) kama alama ya kitabu. Piga silikoni kwenye tundu zote za kupitishia waya, na kisanduku kifungwe skrubu zake zote, hata zile mbili za mwisho ambazo sisi mafundi huwa tunazipeleka nyumbani mfukoni.

Kama pampu ina umeme na haisikiki, gusa mwili wake. Ikiwa ya moto sana, kinga ya joto iliyo ndani imekata; iache ipoe saa nzima na inaweza kuamka. Ikiamka na kulala tena, ama inabeba mzigo kuliko uwezo, ama haipati hewa kwa sababu mtu amejaza kabati la jakuzi mataulo. Ikiwa baridi, pima koili kwa ohmu. Waya wa pamoja hadi koili ya kuendeshea kuna namba moja, hadi ya kuanzishia kuna namba kubwa zaidi, na kati ya hizo mbili unapata jumla yao. Mahali ambapo mita haisomi kitu, koili imekatika. Pampu kubwa hapo naipeleka kwa wanaosuka mota. Pampu ya wati 100 haina faida ya kusukwa, gharama inakaribia ya mpya.

Inaangusha breka

Breka ya kuzuia mshtuko, ile ya miliampia 30, ikianguka, usiipandishe mara kumi ukitumaini itazoea. Chomoa vyote: hita, pampu zote, ozoni, taa. Pandisha breka. Rudisha kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho. Mara nyingi ni hita, siyo pampu, kwa sababu elementi, ile nondo ya ndani inayopasha maji, ikitoboka maji yanagusa waya. Maji ya ziwa letu ni laini, hayana chokaa nyingi. Watu husifia kwamba hayaachi magamba, na ni kweli, lakini maji yenye alkalini ndogo hula chuma polepole. Ninaongeza soda ya kupikia mpaka alkalini ifike kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, na elementi zinaishi zaidi.

Kama ni pampu, pima ukinzani kati ya koili na mwili kwa kipimo cha volti 500. Chini ya megaohmu moja, maji yameshaingia. Mita ya kawaida ikionyesha "sawa" usiiamini kwa hili.

Kelele na mvujo

Kelele kama kokoto kwenye bati ni pampu inayokosa maji upande wa kuvuta. Rudi kwenye chujio na valvu. Mlio mkali kama wa baiskeli isiyotiwa grisi ni beringi. Beringi zinabadilishwa kama mota ni ya shafti ya kawaida, na namba yake imechongwa ubavuni mwake. Kukaa kimya na kunguruma kwa kupokezana ni kapasita inayoaga.

Mvujo ufuate mpaka kwenye chanzo kwa karatasi ya chooni: inalowa mara moja na inakuonyesha tone lilikoanzia. Ikilowa chini ya yunioni, oringi (pete ya mpira ya kuziba) imetoka kwenye njia yake. Ikilowa katikati, pale kichwa kinapokutana na mota, na kuna michirizi myeupe, ni sili ya shafti. Usiahirishe, kwa sababu hatua inayofuata ni maji kuingia kwenye beringi.

Jakuzi iliyokuja kwenye kontena

Hapa nikae kidogo, maana hapa watu wanapoteza fedha nyingi. Jakuzi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inategemea hetsi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), na kwa kawaida inaletewa laini mbili za volti 120 pamoja na nyutro. Huku tuna volti 230 na hetsi 50. Pampu yake ndogo mara nyingi ni ya volti 120. Ukiiunganisha na 230 inakufa kabla hujamaliza kusema "washa".

Halafu anakuja mtaalamu na transfoma. Transfoma inashusha volti, lakini hetsi haizigusi. Mota iliyokusudiwa kuzunguka mara 3,450 kwa dakika inazunguka 2,850 hivi, yaani sehemu tano kati ya sita. Mtiririko unapungua kwa kiasi hichohicho, na msukumo unapungua zaidi, karibu asilimia 30, kwa sababu unafuata mraba wa mwendo. Papo hapo chuma cha mota kinazidiwa na sumaku, kinapata moto. Kwa hiyo unapata jakuzi ambayo leo inasema LF, kesho haisemi, na pampu ambayo haishikiki kwa mkono. Unaweza kusafisha chujio mpaka kitambaa kiishe.

Dawa ni kuweka pampu ya volti 230, hetsi 50, yenye mtiririko unaolingana na ule wa asili. Soma kibati cha maelezo kilicho kwenye pampu kabla ya kulipia: 50Hz, au 50/60Hz. Penye 60Hz peke yake, rudisha dukani hata kama muuzaji ni shemeji. Rangi za waya nazo zinageuka: kwenye jakuzi ya Marekani mweusi na mwekundu ni za umeme, mweupe ni nyutro, kijani ni athi (waya wa ardhini), kwetu kahawia ni umeme, bluu nyutro, kijani na njano athi. Mweusi wa huko si nyutro, ingawa mafundi wa zamani mikono yao inawaambia hivyo.

Imekufa kweli, tunabadilisha

Jakuzi za Kichina nyingi zimekuja na pampu ya LX WTC50M, ya wati 250, na kuipata mbadala si shida, agiza Kariakoo. Kwa nyingine, ukiagiza, tuma picha ya kibati pamoja na vipimo vinne: volti na hetsi, wati au ampia, ukubwa wa mdomo wa kuingilia na kutokea, na upande mdomo wa kutokea unaoelekea. Hicho cha mwisho watu wanakisahau, kisha wanakata mabomba. Usishawishike kuongeza nguvu. Pampu kubwa kuliko ya asili inapitisha maji kasi kupita kwenye chujio dogo na kuzidi rilei ya kadi.

Piga picha ya waya kwa simu, kutoka pembe mbili. Funga valvu zote mbili. Kama hazipo, mwaga jakuzi, na ukiwa umeshaimwaga funga na valvu, utanishukuru mwaka ujao. Weka beseni. Legeza yunioni, chomoa waya wa shaba unaofunga mwili wa mota na athi, chomoa plagi, fungua skrubu za miguu. Maji kiasi cha ndoo yatatoka hata ukifunga vizuri.

Pampu mpya ikae na mshale wake ukielekea hita, siyo kinyume. Oringi mpya, ipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya kupaka mwilini yanavimbisha mpira. Yunioni yenye oringi haihitaji tepu: kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Kama ni mpira wa kuchomeka, tumia klampu za chuma kisichoshika kutu, mbili kila upande, na ukate ncha ya zamani iliyokwisha kukakamaa. Miguu ikae juu ya mpira, vinginevyo sakafu nzima itavuma na wageni wa chumba cha chini watalalamika. Rudisha ule waya wa shaba wa athi. Usiuache ukining'inia eti "hauna kazi".

Fungua valvu ya kuvutia kwanza, toa hewa kama nilivyoeleza, fungua ya kutokea, ndipo upandishe breka. Shika klampu mita kwenye waya wa umeme: ampia ziwe karibu na za kwenye kibati. Zikiwa chini sana, bado kuna hewa au maji hayapiti. Zikizidi, kuna kitu kinakwaruza. Pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Rudi baada ya saa moja uipitishe tena, kwa sababu plastiki hutanuka ikipata joto.

Sasa yule wa Ijumaa atauliza, "Fundi, saa mbili usiku watakuwa wanaoga?" Fanya hesabu mbele yake. Maji ya bomba hapa yanakuja na nyuzi 25 hivi. Jakuzi ya lita 1,200 yenye hita ya kilowati 2 inapanda nyuzi moja na nukta nne kwa saa, ikiwa imefunikwa na hakuna upepo wa ziwani. Kutoka 25 mpaka 38 ni nyuzi 13, yaani zaidi ya saa tisa. Mwambie awapeleke wageni wakale sangara kwanza. Jakuzi ni ya Jumamosi asubuhi.